Sharubu Saba: shajara ya kuchapa picha kwa manjano, maua na jua

3 Mei: kabla ya kulowesha chochote

Kazi yenyewe ni kongwe, na ukielezwa unaona ni mchezo. Unapaka karatasi maji ya mmea wenye rangi, unaikausha gizani, unailazia filamu, yaani plastiki angavu iliyochapwa picha, unaibana kwa kioo na kuianika. Jua likipenya sehemu angavu za filamu linaila ile rangi. Palipozibwa na weusi, rangi inasalia. Inaitwa antotaipu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ua. Mwingereza Sir John Herschel alieleza majaribio yake ya maji ya maua mwaka 1842, mwaka ule ule alioileta sayanotaipu, zile picha za bluu ambazo ndizo nilizokuwa nikichapa mpaka juzi. Za bluu zikishaoshwa kwa maji zimetulia. Hizi hazina dawa ya kuzituliza: jua lililozichora litaendelea kuzila. Nimeingia nikilijua hilo, na nataka kuona linavyotokea.

Picha nitakayoitumia ni ya paka wangu. Ni mweusi tii, amekaa dirishani, nyuma yake kote ni mwanga mtupu. Sharubu zake ni nyeupe, na za upande wa kushoto zinapita mbele ya kifua cheusi: saba, nimezihesabu kwenye skrini. Basi kipimo changu ndicho hicho. Kila picha ikitoka nitahesabu sharubu.

Vifaa: karatasi nzito ya rangi za maji (gramu 300 kwa mita ya mraba), unga wa manjano, brashi pana, kioo kilichotolewa kwenye fremu, ubao wa kukilaza, vibanio vinne. Gharama nitaziandika kwa karatasi, filamu na siku, maana hizo ndizo atakazolipa yeyote atakayeiga.

4 Mei: manjano kwa maji

Bure kabisa. Nilichemsha vijiko viwili vya unga, nikachuja kwa kitambaa, nikapaka. Karatasi zilipokauka zilikuwa na njano ya kuchoka, imejaa vijidoti vyeusivyeusi. Nilipopitisha kidole, vijidoti vikadondoka kama mchanga na kila kimoja kikaacha shimo jeupe. Ulikuwa unga tu umelala juu ya karatasi. Rangi haikuingia ndani. Kurukumini, ambayo ndiyo rangi ya manjano, haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Inayeyuka kwenye spiriti.

Zimekwenda karatasi 3.

5 Mei: manjano kwa spiriti

Gramu 20 za unga katika mililita 100 za spiriti, kwenye chupa yenye kifuniko. Tikisa, acha saa moja, tikisa tena, kisha chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yanayotoka ni angavu na yana rangi kali mpaka unaogopa kuyagusa. Madirisha yawe wazi na moto uwe mbali. Usijaribu kuyapasha ili kuharakisha.

Tatizo jipya: spiriti hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili. Kila mpito wa brashi unapoupanda uliotangulia unaacha mstari mzito zaidi, na karatasi inatoka na milia. Niliharibu mbili kwa kujidanganya kwamba nikiwa mwepesi zaidi itakubali. Haikubali. Nikaachana na brashi, nikamimina maji yote kwenye trei, nikachovya karatasi nzima, nikahesabu hadi kumi, nikaitundika kwa kibanio. Inapotiririka, ukingo wa chini unabaki na rangi nzito. Kwa hiyo ikikauka naichovya mara ya pili na kuitundika kichwa chini. Sasa iko sawa pande zote.

7 Mei: paka mweupe

Hapa mtu wa sayanotaipu lazima ajikwae. Mikono yangu imezoea kutengeneza negativu, yaani filamu ambayo cheusi kimegeuzwa cheupe na cheupe cheusi, nikatengeneza negativu. Baada ya muda wa saa tatu juani, nikafunua: dirisha limebaki njano tupu, na katikati kakaa paka mweupe kama mzimu, sharubu za njano.

Kwenye sayanotaipu mwanga huongeza rangi. Huku unaondoa. Filamu iwe vile vile unavyotaka picha itoke, cheusi kiwe cheusi. Nilishaiandika kanuni hiyo kwa mkono wangu siku nne zilizopita, hapo juu, nikaipita. Karatasi 1, filamu 1, na mchana mmoja mzuri wa jua.

10 Mei: weusi usio mweusi

Filamu ya pili nimeichapa kwa printa ya leza, safari hii kwa njia sahihi. Saa tatu tena. Dirisha limekuwa jeupe vizuri, lakini paka naye amepauka, ana rangi ya majani makavu. Niliiinua filamu kuelekea taa nikaona mduara wa balbu kupitia kifua cha paka. Jicho langu liliuona weusi kwa sababu nilikuwa nimeilaza juu ya karatasi nyeupe. Jua halidanganywi hivyo.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu: filamu mbili za leza, moja juu ya nyingine. Weusi ukakamilika, paka akatoka njano nzito na safi. Sharubu? Mbili. Nilidhani sijazipanga filamu sawasawa, nikazichunguza kwa lenzi: zimepangana barabara. Kosa lilikuwa kwenye saa tatu zenyewe. Jua halikai mahali pamoja. Asubuhi linaingia kwa pembe hii, mchana kwa pembe nyingine, na filamu ya juu iko mbali na karatasi kwa unene wa ile ya chini. Kwa dirisha pana hilo si kitu. Kwa mstari mwembamba kama sharubu, kivuli cha filamu ya juu kinatembea na kuuziba ule wa chini.

Dawa ya pili: filamu moja tu, ya printa ya wino, kwenye mpangilio wa wino mwingi, huku upande wenye wino ukigusa karatasi. Ya kwanza iliganda. Karatasi ilikuwa kavu kwa nje tu. Unyevu wa ndani ulipopata joto chini ya kioo ukautoa wino wote kwenye filamu, na paka akahamia kwenye karatasi akiwa na ngozi yake. Tangu siku hiyo karatasi yangu hukauka siku nzima, usiku ukiwemo, ndani ya sanduku lenye giza.

Karatasi ya nne: saa mbili na nusu, sharubu nne.

Karatasi 4, filamu 4.

12 Mei: kufunua ovyo

Karatasi 1 imeharibika kwa papara. Nilifungua vibanio saa ya pili nione imefikia wapi, nikairudisha filamu kwa kukisia, na paka akatoka na masikio manne. Fremu za zamani za wachapaji wa picha zilikuwa na mgongo uliokatwa vipande viwili vyenye bawaba, ukifungua nusu moja, nusu nyingine inaendelea kubana. Nilikata ubao wangu katikati. Sina bawaba, ila nusu moja inabaki na vibanio vyake viwili wakati nachungulia nyingine. Pia filamu naibandika kwa utepe ukingo mmoja. Tangu hapo hakijasogea kitu.

14 Mei: muda, na boraksi

Nilikata karatasi moja vipande vinne, nikavitoa juani kimoja kimoja: saa 1, 2, 3, 4, anga bila wingu. Saa 1 haitoshi. Saa 2 dirisha bado lina njano. Saa 3 peupe pamekuwa peupe pa kweli. Saa 4 jua limeanza kumla paka mwenyewe kupitia wino. Kwa filamu hii na jua hili, basi, ni saa 3. Kukiwa na mawingu usiongeze saa kwa kukisia; chungulia.

Njano juu ya nyeupe ina udhaifu wake: macho hayaoni tofauti kubwa kati yake, hata picha ikiwa kamili. Hapo ndipo boraksi, ule unga mweupe wa kufulia, inapofanya kazi. Kijiko kimoja cha chai katika mililita 200 za maji ya uvuguvugu, ikorogwe iyeyuke, imiminwe kwenye chupa ya kunyunyizia. Manjano yakikutana na kitu chenye ubesi, yaani kinyume cha asidi, hubadilika. Kwenye kipande cha saa 3, paka aligeuka kutoka njano kuwa hudhurungi yenye wekundu kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, na dirisha likabaki kama lilivyo, kwa sababu huko hakuna tena cha kugeuzwa. Sijawahi kuona chumba cha giza kinachokupa raha ya namna hiyo, na hapa ni mezani, taa imewashwa. Bikaboneti ile ya kuumulia mikate nayo niliijaribu: inaleta rangi ya chungwa hafifu tu, ubesi wake ni mdogo. Vaa glavu, na chupa ya boraksi uiandike jina ili mtu asije akaidhania nyingine.

Baada ya kunyunyiza, suuza kwa maji baridi, haraka, na utundike.

17 Mei: saba

Karatasi iliyochovywa mara mbili na kukaushwa siku nzima, filamu ya wino, saa 3, boraksi. Nimezihesabu mara tatu, na ya tatu nilitumia lenzi. Saba. Ya juu kabisa imekatika katikati lakini inaonekana inakoelekea, naihesabu.

18 Mei: nimeiua mwenyewe

Nilitaka kuikinga. Nilikuwa na kopo la vanishi ya kupuliza, lile la kukingia michoro ya penseli, na kopo lenyewe lilijisifu kwamba linazuia mionzi ya urujuanimno. Nikailaza picha ya sharubu saba juu ya gazeti, nikapuliza mara moja, kwa mbali.

Kwa sekunde tatu nne hakikutokea kitu. Kisha ncha ya sikio ikapata ukungu. Ukungu ukashuka, ukawa njano, ukaanza kutambaa kuingia dirishani kama wino kwenye kitambaa kibichi. Niliinua karatasi, hilo likaufanya utiririke upande mmoja. Sharubu zikajaa rangi moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, na ile iliyokatika ndiyo iliyobaki mwisho.

Kimiminika cha vanishi ni jamii ile ile ya spiriti niliyotumia kuitoa rangi kwenye unga. Nilikuwa nayeyusha manjano upya, juu ya picha. Mwenye kuiga asipulize chochote, labda kiwe cha maji, na hicho nacho akijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mimi sitaki tena vanishi ya aina yoyote. Kuanzia leo picha ikikauka inaskaniwa kwanza, kisha inaingia kwenye bahasha nyeusi.

Hadi leo: karatasi 13, filamu 5, manjano karibu gramu 100, spiriti mililita 400, siku 15. Picha zilizopo mkononi: moja ya sharubu nne, na vipande vinne vya majaribio.

24 Mei: choya imegeuka kijivu

Wakati nasubiri hamu ya manjano inirudie, nilijaribu choya, ambayo wengine huiita rozela. Gramu 30 za maua makavu, mililita 150 za maji yanayochemka, acha yapoe, chuja. Maji mekundu kama damu. Nikapaka kwa brashi (maji hayana haraka ya spiriti, brashi inatosha), na kabla sijafika nusu ya karatasi, sehemu niliyoanzia ilikuwa imeshakuwa ya kijivu chenye bluu. Nikadhani ni brashi yenye mabaki ya boraksi. Nikaosha, nikachukua brashi mpya, karatasi mpya: kijivu tena.

Ilinichukua jioni nzima kushuku karatasi. Manjano yalikuwa yamekaa kwenye karatasi hizo hizo bila kulalamika, ndiyo maana. Nilidondoshea siki nyeupe kwenye kona ya karatasi tupu, nikasogeza sikio, kisha jicho: viputo vidogo sana, vinapasuka. Kuna chokaa ndani. Watengenezaji huiweka ili karatasi isiliwe na asidi na kuwa njano kwa miaka, jambo jema kwa mchoraji. Lakini rangi ya choya ni ya jamii ya anthosayanini, na hizo ni nyekundu kwenye asidi tu. Zikigusa chokaa zinageuka.

Nililoweka karatasi kwenye siki nyeupe mpaka viputo vikaisha, nikasuuza mara mbili, nikaanika. Kwenye maji ya choya nikakamulia nusu ndimu. Wekundu ukakaa. Siku nne za jua, sharubu nne, na rangi ya waridi iliyokomaa ambayo manjano haitakaa iipate. Ningekuwa sitafuti sharubu ningehamia huku moja kwa moja.

Karatasi 4.

11 Juni: mchicha, na kioo kilichosingiziwa

Majani ya mchicha kwenye kinu, spiriti kidogo, twanga, kamua, chuja. Kijani chake kilikuwa hafifu, nikachovya mara tatu. Siku kadhaa baadaye nikachungulia: paka yupo kwa imani tu.

Nikakisingizia kioo. Nilijiambia kinazuia urujuanimno, na bila urujuanimno kazi haiendi. Nilishaanza kutafuta kioo kingine ndipo nikakumbuka alichokiona Herschel: kwa kawaida mwanga unaoiua rangi ya mmea ni ule ulio kinyume cha rangi hiyo, yaani ule inaoumeza. Njano huuawa na bluu na zambarau. Kijani cha klorofili humeza mwekundu pia, na mwekundu unapita kwenye kioo cha kawaida. Ili nisibishane na kitabu, nilikata kipande kimoja, nusu nikakiweka chini ya kioo, nusu chini ya plastiki ya fremu iliyotengenezwa kuzuia urujuanimno. Mwishowe zilikuwa sawa sawa. Kioo hakina kosa.

Kosa ni kuchovya mara tatu. Rangi ya juu ikipauka, ya chini yake bado imejificha, na jicho linaona kijani. Nilichapa upya vipande vitatu kwa pamoja: cha mchovyo mmoja kilikuwa tayari siku ya tano lakini paka wake ni kivuli, cha miwili siku ya tisa, paka mzuri, cha mitatu nimekitoa siku ya kumi na nne bila kumaliza. Miwili, basi. Sharubu tatu.

19 Juni: jani lenyewe

Kuna wanaoacha karatasi kabisa na kuchapa kwenye jani bichi. Msanii Binh Danh wa Marekani ndiye anayejulikana zaidi kwa hilo. Majani mawili ya kwanza yalitoa jasho chini ya kioo yakaota ukungu siku ya pili. La tatu nililifunga kikonyo kwa pamba yenye maji ndani ya kipande cha plastiki, likaishi siku nne na likanipa umbo la paka, sharubu sifuri, maana mishipa ya jani inashinda mistari yoyote. Watu huliloweka jani kama hilo kwenye mrututu ili shaba ichukue nafasi ya magnesi katika klorofili na rangi idumu. Mrututu ni sumu na sina mahali pa kumwaga maji yake. Nikaishia hapo.

21 Juni: narudia manjano

Kila kitu kama 17 Mei. Sita. Sijui ya saba imekwenda wapi. Filamu ni ile ile, imepata mkwaruzo pengine. Imeskaniwa. Hii sitaificha. Nimeibandika ukutani, chumba kisichoingiwa na jua la moja kwa moja, nusu ya kulia nimeifunika kwa kadi nyeusi na nusu ya kushoto, yenye sharubu, nimeiacha wazi.

21 Julai: siku 30 ukutani

Nimetoa kadi. Nusu ya kulia: hudhurungi ile ile, sikio lina ukingo mkali kama siku ilipotoka. Mpaka kati ya nusu mbili umenyooka kama uliopigwa rula.

Nusu ya kushoto nilidhani nitakuta paka bila sharubu. Siyo hivyo. Sharubu hazijaguswa, kwa sababu pale zilipo palikuwa peupe tangu mwanzo. Kilichoondoka ni kifua. Kimepauka mpaka kinakaribia weupe wao, na zimebaki mbili tu zinazotofautika, tena kwa kuinamisha karatasi upande wa taa.

Nimeipiga picha, nimeirudisha ukutani pale pale, na kadi nimeihamishia upande wa kushoto. Nitapima tena 21 Agosti.